Mwanamke Akiomboleza

Kawangware,
9 Mei 2025

Kwako Senge Immaculate, dada ya Baba,

Pokea mkono wangu kupitia kwa Mama Wesonga, aliyekubali kuwa posta yetu kwa kuwa huuza dagaa wa omena huku Kawangware na kulala huko kwenu Kibera. Sisi ni wazima. Mama amerudi kwenye kwaya, ndugu yangu Shiundu amefungua shule, mitihani yangu ya muhula imekwisha. Baba yuko kazini. Tangu tumzike Nabalayo nimekuja Soweto West zaidi ya mara moja, na kila mara nimekuta mlango umefungwa kwa ndani. Nilisikia mwiko ukikwaruza sufuria, Senge, nilijua umo. Simu yako nayo haipatikani. Ndiyo maana nimechukua kalamu.

Sikuandikii kukupa pole. Pole umepewa hadi imechakaa. Nakuandikia kuhusu ulichofanyiwa na televisheni.

Ukuta wa ploti ya Gachanja hapa Kawangware ulipomwangukia Nabalayo akiwa kwenye cherehani yake, mimi nilikuwa katika chumba cha mtihani. Wewe ulikimbia kutoka Kibera. Baba alikuwa tayari anachimbua mawe kwa mikono. Mimi, niliyelala kitanda kimoja na binti yako miaka yote ya utoto wetu, nilipata habari za kifo chake kwenye skrini ya ukumbi wa chakula, kama mtu apatavyo habari za bei ya mafuta.

Na niliona nini? Nilimwona Gachanja. Alipewa jina lake kamili, alipewa cheo, "mfanyabiashara na mmiliki wa ploti", alipewa kipaza sauti, na kwa kipaza sauti hicho akasema kwamba hakuna mpangaji aliyewahi kumletea malalamiko. Nilimwona mhandisi, naye alikuwa na jina. Kisha nikakuona wewe. Wewe, mama wa marehemu, ulipewa nini? Kitambaa kimekutoka kichwani, mdomo wako u wazi, na sauti yako imepunguzwa hadi ikawa mvumo tu ili mwandishi azungumze juu yake. Chini ya uso wako wakaandika: Mwanamke akiomboleza. Mwanamke! Mwanamke yupi? Mwana wa nani, mama wa nani, anayetoka wapi?

Juma lililofuata uso wako ukarudi, safari hii katika habari ya mafuriko ya mji ambao hujaukanyaga. Kisha katika habari ya pombe haramu. Wamekugeuza kuwa samani ya studio: popote penye balaa la maskini, mlete yule mama, alie. Nakuapia, Senge, jambo hili halitapita kimya.

Wako,
Trizah


Soweto West, Kibera,
30 Mei 2025

Mwanangu Trizah,

Barua yako ilinifikia ikinuka omena, nikacheka kidogo, kwa hiyo ujue bado naweza. Mguu wangu umepungua uvimbe. Kanisani wamenitengea kiti karibu na mlango ili nitoke nikizidiwa. Msalimie mama yako, na Shiundu mwambie asome.

Umeniuliza habari za simu. Nimeizima nikaiweka ndani ya debe la unga. Siku moja walikuja vijana wawili kwenye kibanda changu cha mboga, mmoja akanikazia macho.

"Mathe, si ni wewe? Maze, ni yeye! Ni wewe wa stika!"

"Stika gani?"

Akanionyesha kwenye simu yake. Ni mimi pale kwa Gachanja, mdomo wazi, na chini yangu wameandika: Nikikumbuka kesho ni Jumatatu. Watu wanatumiana wakitaka kuchekana.

"Hebu lia tu kidogo nikushuti," akaniambia.

Mwenzake akamwambia, "We, heshimu mathe," lakini naye alikuwa anacheka. Niliwauzia sukuma yao wakaenda.

Sikufungulii mlango kwa sababu ukinitazama sitajua kama unaniona mimi au unaiona hiyo. Usije kwanza. Andika tu.

Sasa neno langu ni moja. Ndugu yangu Morris anasemaje? Siku tuliyokwenda kumwambia Gachanja kwamba ukuta umeinama, tulikuwa watu watatu: mimi, Nabalayo na huyo Morris baba yako. Nilimchukua kwa sababu yeye ni fundi wa mawe na angeeleza vizuri. Nabalayo hayupo. Mpelelezi anamngoja Morris aende akaandikishe alichosikia. Kituo cha polisi chenyewe si mbali. Nijibu hilo.

Senge wako,
Immaculate


Kawangware,
4 Juni 2025

Kwako Senge mpendwa,

Nimefurahi kuuona mwandiko wako hata kabla ya kuyasoma yaliyomo. Mama anakusalimu. Shiundu anasema anasoma. Mimi sijamwona akisoma. Baba hajambo, ana kazi nyingi msimu huu.

Stika hiyo niliiona kabla hujaniambia. Niliiona katika kundi la darasa letu kwenye simu. Aliyeituma ni Kabiru, kijana anayeketi nyuma yangu katika mihadhara.

Nikamwandikia: "Kabiru, unamjua huyu mama?"

"Zii, ni kastika tu, Komredi. Kwani ni nani?"

"Ni shangazi yangu. Hapo binti yake yuko chini ya mawe."

Kisha mtu mwingine akatuma stika nyingine, na maisha yakaendelea.

Hapo ndipo nilipokata shauri. Senge, huu si utani wa watoto. Ni mti uliopandwa na wakubwa, na watoto wameokota tunda tu. Keti mbele ya taarifa ya habari jioni yoyote uone. Mwanamume akizungumza huitwa shahidi, huitwa mtaalamu, huitwa mmiliki. Mwanamke akizungumza huitwa mkazi. Na akizungumza kwa uchungu haitwi chochote, hupunguzwa sauti. Wanamtaka pale, naam, kwa kuwa habari bila machozi haiuziki. Lakini wanayataka machozi peke yake, yaliyokamuliwa kutoka kwa mwenyewe.

Tumeunda kamati ya wanafunzi. Wakili mmoja kijana amejitolea. Tumeandika madai kwa kile kituo cha televisheni, na mimi ndimi niliyeyaandika. Picha yako ifutwe. Wengine walitosheka na kuondolewa mtandaoni. Mimi nilisimama nikakataa. Nilisema: mtandaoni, katika maktaba yao ya picha, katika kila mashine, hata ile nakala ghafi ambayo haijakatwa, ili asitokee mhariri yeyote kesho akakuchomoa tena kama kitambaa cha kufutia meza. Walinipigia makofi, Senge. Nilitamani ungekuwepo.

Mpiganaji wako,
Trizah


Soweto West, Kibera,
12 Julai 2025

Trizah mwanangu,

Salamu zenu nimezipata. Huku tu hai. Mama Wesonga anakohoa lakini amesema atapeleka.

Sikukuuliza kama baba yako hajambo. Niliuliza anasemaje.

Sasa nisikilize, na usisome haraka kama unavyosoma siku zote. Mpelelezi alikuja hapa. Gachanja ameandikisha kwamba hakuna aliyewahi kumwambia lolote kuhusu ukuta. Wapangaji wake wanaogopa kutupiwa vitu nje. Kutakuwa na kikao cha uchunguzi wa kifo mbele ya hakimu, na hakimu akiona kwamba hakuambiwa, basi ukuta ulianguka kwa mvua na mambo yameisha. Mpelelezi akaniuliza kama nina kitu chochote cha kuonyesha. Nikamwambia kipo. Kiko kwenye televisheni.

Ile siku sikuwa nalia tu. Nyinyi mmezaliwa Nairobi na hamjui. Kwetu mwanamke akifika penye maiti huomboleza akiongea na aliyekufa, anayataja yote, na hakuna mwanamume wa kumnyamazisha. Nilikuwa nikimkumbusha Nabalayo siku tuliyokwenda kwa Gachanja, na jinsi alivyotujibu kwamba ukuta huo umemzidi yeye umri, twende tukamwogopeshe mtu mwingine. Nilimtaja kwa jina akiwa amesimama pale. Hakuelewa, nilisema kwa Kibukusu.

Na kwetu anayeomboleza hujibiwa na ndugu yake. Nilipofika mwisho wa kila neno nilitulia, na Morris akajibu, mikono yake imejaa udongo, kwamba ni kweli, alikuwepo, alisikia. Alijibu yote, Trizah. Ile kamera ilikuwa karibu kunigusa shavu. Kituo cha televisheni wakitoa picha nzima na sauti yake, mkalimani ataitafsiri, na hakimu atamsikia Morris hata kama Morris mwenyewe hataki kusema tena.

Mpelelezi amewaandikia, lakini barua ya serikali hutembea kwa magongo. Kwa hiyo waambie wenzako wasiiguse picha ile. Waache waicheze, hata kila jioni. Hata hiyo stika. Mimi nitavumilia.

Senge wako


Kawangware,
26 Julai 2025

Kwako Senge, shujaa wetu,

Imba! Sijui nianzie wapi, hata salamu zimenikimbia. Chukulia kwamba sote ni wazima. Mama Wesonga haonekani sokoni siku hizi, wala sijapata jibu lako, kwa hiyo barua hii naituma kwa mwenye duka anayekuja kununua bidhaa Sarang'ombe, huko kwenu Kibera.

Tumeshinda. Tulisimama mbele ya lango la kituo kile na mabango yetu siku tatu mfululizo. Walitupuuza, wakatutisha, kisha wakatuita ndani. Mhariri mkuu mwenyewe alitupokea, mwanamume mpole wa sauti ya chini, akasema kwamba wametafakari, kwamba utu wa familia unatangulia. Nikamwambia: Mheshimiwa, sisi hatukuja kuchukua maneno. Basi wakatuita mimi na wakili wetu hadi maktaba yao ya picha, na mbele ya macho yetu wakaifuta. Yote. Iliyotangazwa na isiyotangazwa, nakala na chimbuko lake. Tulitia sahihi kwamba tumeshuhudia.

Hakuna mtu atakayekuona tena ukilia, Senge. Hakuna. Unaweza kuitoa simu kwenye debe la unga.

Baba anakusalimu.

Wako katika ushindi,
Trizah


Kawangware,
9 Agosti 2025

Senge,

Barua yako ya Julai imenifikia leo. Mama Wesonga alilazwa kwa homa ya mapafu, na barua ilikuwa ndani ya mkoba wake wodini siku zote nilizokuwa nikipiga kelele langoni. Nimeisoma nimesimama sokoni, kati ya ndoo za omena, na watu walilazimika kunipita kwa ubavu.

Nilikwenda mbio hadi kituoni. Nilimkuta yule mtunza picha, jina lake Irungu, ndiye aliyebonyeza vitufe tukiwa tumemsimamia. Nitakuandikia tulivyosemezana, kwa kuwa siwezi kuyabeba peke yangu.

"Irungu, naomba ile nakala ghafi."

"Gani?"

"Ya yule mama wa Kawangware. Ukuta ulioanguka."

Akanitazama kama anayedhani namtania. "Sista, si ni nyinyi mlikuja hapa na mabango?"

"Haiwezi kurudishwa?"

"Mlisema ghafi pia. Bosi alitaka muone amewaskia. Hapa ikienda imeenda." Kisha akaongeza, "Na juzi kuna barua ya mpelelezi imekuja inaitisha hiyo hiyo. Tumemjibu familia ndiyo iliomba ifutwe."

"Hakuna aliyeisikiliza kabla? Mwandishi? Mhariri? Wewe?"

"Kusikiliza nini sasa? Si ilikuwa ni mama analia."

Nilitaka kumrukia. Nilikuwa na hotuba nzima kooni, hotuba ninazozijua, zenye kupanda na kushuka. Niliketi kwenye ngazi ya jengo lile hadi mlinzi akaja kuniuliza kama nina mtu wa kumpigia.

Nimetafuta kile kipande kilichotangazwa. Kipo kwa watu, hakikufutika kwenye simu zao, lakini ndicho kile kile: mwandishi anazungumza, na wewe chini yake ni mvumo. Nimempelekea fundi wa muziki aitwaye Oluoch ajaribu kuitenga sauti yako. Amesema huwezi kukitoa chunguni kitu ambacho hakikutiwa.

Kuhusu Baba, naomba uniache kidogo.

Trizah


Soweto West, Kibera,
20 Septemba 2025

Trizah,

Mama Wesonga amepona, mshukuru Mungu. Mvua bado. Mama yako alinitumia sabuni na chai, mwambie nimepata.

Nimekaa na barua yako muda mrefu kwa sababu nilikuwa naandika majibu mabaya na kuyachana. Sijui kama nakulaumu. Nimejaribu kutokulaumu, na sijamaliza.

Ila hili nitalisema. Ulinililia, ukanipigania, ukaninyanyua kwenye mabango. Tangu mwezi wa tano tunaandikiana. Hukuniuliza hata mara moja nilikuwa nasema nini. Uliniona mdomo wazi, na wewe pia ukajua ni kilio.

Kikao ni tarehe nne Novemba. Kwa kuwa picha haipo, wamesema niyaseme mwenyewe. Maneno yale hayaandikwi kwenye karatasi na hayasemwi mtu akiwa ameketi, kwa hiyo usiniombe nikuandikie. Mwambie Morris aje. Hata asiposimama, aje tu awe karibu.

Immaculate


Kawangware,
5 Novemba 2025

Kwako Senge,

Jana ulitoka mahakamani bila kutusalimu, na ulikuwa na haki. Sina habari za nyumbani za kukupa. Zote uliziona zimeketi kwenye benchi. Lakini kuna mambo yaliyotokea nyuma ya mgongo wako, na haifai uyakose.

Wakati wakili wa Gachanja aliposema, "Shahidi anadai aliyasema haya yote siku ya tukio; basi na ayarudie vilevile alivyoyasema," alikuwa akitabasamu. Alidhani utashindwa. Kisha ukasimama, ukavua viatu, ukaigeukia sehemu ya ukumbi isiyokuwa na mtu, na ukaanza.

Sijawahi kusikia kitu kama kile. Nilikulia katika nyumba ya Wabukusu, na nilikuwa nasikia lugha ya baba yangu kama mgeni asikiavyo mvua juu ya bati: najua inanyesha, sijui inasema nini. Nilitambua jina la Nabalayo. Nilitambua jina la Gachanja, naye alilitambua, maana aliacha kucheza na funguo zake. Ukafika mahali ukatulia. Ukaendelea, ukatulia tena. Karani alidhani umeishiwa pumzi. Mimi nilijua, kwa kuwa uliniandikia, kwamba kila ulipotulia ilikuwa nafasi ya mtu kujibu. Na mtu huyo alikuwa ameketi kando yangu, bega lake likigusa langu.

Nilimtazama Baba. Alikuwa akitikisa kichwa kidogo kidogo, kama mtu anayefuata kila neno. Midomo yake ilisogea. Nilimshika mkono, nikamnong'oneza, "Jibu, Baba. Mjibu." Akautoa mkono wake taratibu, akaupachika katikati ya magoti.

Ndipo hakimu aliposema, na alisema kwa upole, huo ndio msiba wenyewe: "Mpeni mama maji. Amelemewa."

Nikasimama. "Halii, Mheshimiwa! Anasema!"

"Wewe ni nani?"

"Mwana wa ndugu yake."

"Anasema nini?"

Senge, nimehutubia vijana mia kadhaa bila kipaza sauti. Nimewajibu wahariri na wanasheria. Ukumbi mzima ulinigeukia ukiningoja mimi, na kwa mara ya kwanza tangu Nabalayo afe, mtu mwenye uwezo wa kuandika jambo aliuliza ulikuwa ukisema nini.

"Anasema kwamba alimwonya mwenye ploti," nikasema.

"Hilo amelisema, au unadhani amelisema? Unaielewa lugha hiyo?"

Ningeweza kusema uongo. Wakili alikuwa amekwisha kuinuka nusu, akiningoja niseme uongo.

"Hapana, Mheshimiwa."

"Basi keti. Mkalimani hakuletwa. Kuna mwingine humu anayeielewa?"

Alirudia swali hilo. Ulikuwa umesimama hivyo hivyo, mgongo kwetu, miguu mitupu juu ya saruji. Naamini ulikuwa ukingoja kama mimi. Baba aliitazama sakafu. Hakuna aliyejibu.

Baada ya watu kutoka nilimwomba karani anisomee yaliyoingia katika rekodi. Alinisomea kwa huruma: "Shahidi alilia. Kikao kimeahirishwa hadi tarehe itakayotangazwa." Nikamwomba abadilishe neno moja tu. Akasema, "Dada, naandika nilichoona."

Uliniuliza kwa miezi mingi Baba anasemaje, nami nikakuandikia kwamba hajambo, kwamba ana kazi, kwamba anakusalimu. Hasemi, Senge. Hajasema tangu siku ile aliyokujibu akiwa na udongo mikononi. Nilikuwa najua tangu Mei, na nilikuwa najua kazi yake ni ipi. Leo alfajiri amebeba mwiko na timazi akaenda kwa Gachanja kama kawaida. Ukuta ule unajengwa upya, pale pale, na yeye ndiye fundi wake.

Mimi, binti yake,
Trizah